Mhogo, Njaa na Elimu

Mara nyingi twasikia watu wakisema ya kuwa elimu ndiyo itakayoondoa njaa na umaskini katika vijiji vyetu. Maneno hayo ni mazuri, wala sina nia ya kuyapinga, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mwalimu na chakula changu chatoka katika elimu. Lakini kila niyasikiapo hujiuliza: Je, elimu hiyo hupita njia gani hata ifike chunguni? Hainyeshi kama mvua, ikamwangukia kila mtu sawasawa. Yatoka kwa watu, yapita mikononi mwa watu, na aghalabu huchelewa njiani. Leo nataka kuwaeleza safari moja ya elimu niijuayo, nayo ni safari ya kipande cha mti wa mhogo, ambacho urefu wake wapata shubiri moja tu.

Nafundisha katika shule ya kijiji upande wa Muheza, katika Mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara. Huku kwetu mahindi ndiyo chakula cha sifa, lakini mhogo ndio chakula cha amana. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kuchanua, mwaka umekwisha. Mhogo hupukutisha majani ukangoja, na mvua ikirudi huchipua tena. Wala hauhitaji ghala, maana waweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, mwenyewe akachimba kwa kadiri ya haja yake. Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini, lakini leo hakuna mtu huku auitaye mgeni. Mizizi yake twaichemsha, twaichoma, twaikausha makopa tukasaga unga. Na majani yake ndiyo kisamvu. Kwa mtu maskini, shamba la mhogo ni benki yake.

Benki hiyo ina wezi wawili. Wa kwanza ni ugonjwa wa batobato, ambao hufanya majani yawe na mabaka ya kijani na manjano, kisha yakajikunja na kudumaa. Mjerumani mmoja, Warburg, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1894, nao ulionekana katika nchi yetu hii hii, wakati ilipokuwa chini ya Wajerumani. Mwizi wa pili ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao habari zake ziliandikwa mwaka 1936 na Bwana H. H. Storey, mtaalamu wa Amani. Huyu wa pili ni mjanja kuliko wa kwanza. Majani ya chini hugeuka manjano kidogo kando ya mishipa yake, na shina huwa na michirizi; lakini mara nyingi mti husimama mrefu, wenye afya machoni pa mtu apitaye. Siku ya kuchimba ndipo mwenye shamba aonapo kwamba ndani ya mzizi mna uozo wa rangi ya kahawia, mkavu na mgumu kama gome. Katika mbegu iitwayo Albert, ipandwayo sana pwani ya kusini, wachunguzi walipima wakaona ya kuwa hasara yaweza kufika asilimia 70 ya mavuno.

Fikirini basi huzuni ya mtu aliyelima, akapalilia, akangoja mwaka, kisha akachimba takataka. Jirani wa shule yetu ni mama mjane mwenye wajukuu wanne. Mwaka mmoja alinijia asubuhi, akanionyesha kikapu cha mihogo iliyooza ndani, akasema, "Mwalimu, shamba langu limefanyiwa jambo." Sikumwuliza ni nani aliyemdhania, maana kijiji kizima kilijua. Alikuwa na ugomvi wa mpaka na shemeji yake, na tangu mavuno yale hawakusalimiana. Nilimweleza habari za ugonjwa, naye akanisikiliza kwa adabu kama mtu asikilizavyo hadithi ya nchi ya mbali. Miezi michache baadaye shemeji yake naye akaanza kuchimba mhogo wake, nami nikamwomba mama yule aje tutazame pamoja. Tulikata mizizi saba, na mitano ilikuwa na uozo ule ule. Mama akaitazama kitambo, akasema, "Basi mchawi hajilogi mwenyewe." Kisha akamwamkia shemeji yake, na shemeji akaitikia.

Kwa hiyo mimi husema ya kuwa zawadi ya kwanza ya elimu kwa mkulima, hata kabla ya kumwongezea gunia moja, ni kumwondolea uadui usio na sababu. Njaa huja na dhana mbaya. Tusipojua kitu kilichotuharibia chakula, tutamtafuta mtu, na mtu aliye karibu ni jirani.

Zawadi ya pili ni kuijua njia ya ugonjwa. Magonjwa haya mawili huletwa na virusi, vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho wala kwa darubini ya kawaida ya shule. Virusi hivyo hubebwa na nzi weupe wadogo sana wakaao chini ya majani, nao hupeleka michirizi ya kahawia kutoka mti hata mti, au shamba hata shamba lililo karibu. Lakini ugonjwa unapovuka mito na kufika wilaya nyingine, mara nyingi mchukuzi ni sisi wenyewe. Mhogo haupandwi kwa punje, hupandwa kwa pingili za shina lake. Na pingili ikitoka katika mti mgonjwa, yaelekea sana kuzaa mti mgonjwa. Mtu afunga tita la pingili juu ya baiskeli, ampelekea binti yake aliyeolewa mbali, na ndani ya tita lile la mapenzi mna maradhi.

Sasa niwaeleze asili ya mbegu zinazoweza kustahimili. Asubuhi isiyo na mawingu, tukisimama uwanjani pa shule, twaiona milima ya Amani. Huko Wajerumani walijenga kituo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza wakakiendeleza. Katika miaka ya 1930 Bwana Storey na mwenzake, Bwana R. F. W. Nichols, walianza kutafuta mhogo usioshindwa na maradhi. Walikusanya mbegu za nchi nyingi, lakini hawakuona hata moja yenye nguvu ya kutosha. Ndipo wakageukia jamaa za mhogo, na mmoja wao ulikuwa mpira.

Wenyeji wa Tanga wataujua mti huo. Ni mpira wa Ceara, uliotoka Brazil, nao ni ndugu wa mhogo. Wajerumani waliupanda katika mashamba makubwa kwa ajili ya utomvu wake, lakini mwaka 1913 bei ya mpira duniani ilianguka kwa sababu ya mpira wa Asia, na mashamba mengi yakaharibika. Mti uliopandwa kwa tamaa ya fedha za ng'ambo ukaachwa vichakani, na wananchi wakauona una faida yao: mpaka leo twala majani yake, ndiyo kisamvu cha mpira. Basi katika mti huo uliodharauliwa na soko ndimo wataalamu wa Amani walimoona nguvu waliyoitafuta.

Wengi wetu twasahau ya kuwa mhogo nao hutoa maua na mbegu za kweli. Wale mabwana walichukua chavua ya mpira wakaiweka katika ua la mhogo. Watoto wa kwanza walikuwa na nguvu ya kushinda ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Wakawachanganya tena na mhogo. Wajukuu wakawa afadhali kidogo. Wakachanganya mara ya tatu. Kila kizazi kilitaka kupandwa, kungojewa, kuambukizwa ugonjwa ili kijaribiwe, kisha iliyo mingi ikatupwa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana mimea yenye mizizi minene ya mama yake na uvumilivu wa baba yake.

Kazi hiyo ikaendelezwa na Bwana D. L. Jennings katika miaka ya 1950, na katika miaka hiyo hiyo mbegu za uzao wa Amani zikapelekwa Nigeria. Huko zikatoa mhogo uliopewa namba 58308. Mwaka 1971 mtaalamu kutoka Korea, Bwana Sang Ki Hahn, alifika katika chuo cha uchunguzi wa kilimo cha IITA, mjini Ibadan, akauchanganya mhogo huo na mbegu nyingine. Mmoja wa watoto waliopatikana ukaitwa TMS 30572. Mwisho wa miaka ya 1980 batobato kali mno ikazuka Uganda, ikatambaa wilaya hata wilaya, wakulima wakaacha kupanda mhogo na njaa ikaingia majumbani. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza ya kuwa kirusi kilichoonekana huko kilikuwa kipya, kilichotokana na virusi viwili kuchanganyika. Miongoni mwa mbegu zilizosaidia kurudisha mhogo mashambani Uganda ilikuwemo ile TMS 30572, ambayo Waganda waliiita Nase 3. Hivi mjukuu wa Amani alizunguka kwa njia ya Afrika ya Magharibi, miaka kama 60, akarudi kulisha majirani zetu.

Lakini si wajukuu wote waliosafiri mbali. Huku Tanzania iko mbegu iitwayo Namikonga, na katika pwani ya Kenya iko iitwayo Kaleso, nazo husifiwa kwa kustahimili michirizi ya kahawia. Wataalamu walipozichunguza waliona kuwa mbegu hizo mbili ni kitu kimoja, nacho ni mhogo uliozalishwa Amani kwa namba 46106/27. Katika miaka yote iliyopita, wakulima wasioijua namba hiyo waliukata mti, wakaupanda, wakapeana. Namba wameisahau, na mti wameuhifadhi. Mtu akisema mkulima wa kijijini ni adui wa elimu, namwomba alifikiri jambo hilo.

Tena tujifunze ya kuwa elimu ni kama moto wa jikoni: usipochochewa huzimika. Baada ya miaka ya 1950 kazi ya mhogo ya Amani ilikoma, na michirizi ya kahawia ikahesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa nchi za chini tu. Mwaka 2004 ugonjwa huo ukaonekana Uganda, mahali palipo juu zaidi ya mita 1,000, na baada ya hapo ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu. Ilibidi watu wayafunue tena madaftari ya zamani. Siku za shibe ndizo siku za kujiandaa, lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama mwenye njaa huyo ni yeye mwenyewe wa mwaka ujao.

Sasa nirudi kijijini, maana hapo ndipo penye shida iliyo kubwa. Mabwana shamba walipotushauri tung'oe mhogo wote wenye ugonjwa na kupanda mbegu safi, shauri lao lilikuwa la haki. Tukakutana chini ya mwembe. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, usiache mbachao kwa msala upitao." Kisha yule mama mjane akauliza kwa sauti ya upole, "Nikiung'oa leo, wajukuu wangu watakula nini hata mwakani?" Hakuna aliyemjibu. Mhogo wataka miezi 9 hata 12 kabla ya kuchimbwa. Katika mhogo mgonjwa mna kipande kizuri cha kukatwa na kupikwa. Katika shamba tupu hamna kitu. Swali lile halikuwa ujinga. Lilikuwa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya karatasi tuliyosomewa.

Baada ya majadiliano tulipatana hivi. Kila nyumba iendelee kula shamba lake la zamani, lakini isipande tena hata pingili moja kutoka humo. Na kila sehemu iliyokwisha kuchimbwa, mashina yake yachomwe moto. Mbegu safi ipandwe mahali pengine, mbali na shamba la zamani kadiri iwezekanavyo, na mti uoneshao dalili ung'olewe mapema. Shule ikatoa sehemu ya shamba lake iwe kitalu cha wote. Hakuna nyumba iliyolala na njaa kwa ajili ya shauri hilo, ingawa mabadiliko yalikwenda polepole kuliko walivyopenda mabwana shamba.

Likawa na jambo la pili, nalo ni ladha. Tuliletewa aina kadhaa kuzijaribu. Akina mama hawakutaka kusikia habari za uzito wa mavuno kabla ya kuipika kila aina katika chungu chake. Aina moja iliyozaa sana ilikataa kulainika, wakaikataa mara moja. Iliyopendwa ilikuwa Kiroba. Mbegu hiyo haikosi kabisa kuugua, lakini hata ikiambukizwa michirizi ya kahawia, mizizi yake haiharibiki sana. Nami niliwaambia wanafunzi kwamba ulimi wa mpishi ni chombo cha uchunguzi, kama darubini ilivyo. Na mtaalamu asiyeutumia atazalisha mbegu itakayosifiwa katika vitabu na kuachwa mashambani.

Kitalu kile kilitupa pia somo la hesabu. Mti mmoja wa mhogo hutoa pingili 10 hivi kwa mwaka. Ukiacha mita 1 kila upande, eka moja yataka pingili kama 4,000. Mwanafunzi akianza na miti 10, mwaka wa kwanza atapata pingili 100, wa pili 1,000, na wa tatu 10,000. Darasa zima lilinyamaza lilipoona kwamba mtu mwenye miti kumi tu hawezi kuijaza eka moja kabla ya miaka mitatu. Ndiyo sababu mbegu njema ya mhogo hukawia kuenea, tofauti na mahindi ambayo gunzi lake moja hubeba mamia ya punje. Tena ndiyo sababu hatuwezi kuishinda kazi hii kila mtu peke yake.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba desturi ya kupeana mbegu yapasa ikomeshwe. Siku hizi wako wakulima wapandao mhogo kwa ajili ya kuuza pingili safi, na mashamba yao hukaguliwa na TOSCI, mamlaka ya serikali ya kuthibitisha mbegu. Hilo ni jambo jema, na mwenye fedha anunue. Lakini mjane hawezi kununua kila msimu, na mbegu ya jirani ndiyo njia yake ya pekee. Desturi hiyo ndiyo iliyoihifadhi Namikonga. Tuisafishe, tusiiue. Huku kwetu tumeweka sharti moja jepesi: pingili isitolewe wakati mti bado umesimama bila kujulikana ndani yake mna nini. Utazame majani na shina, uchimbe, ukate mizizi yote. Mizizi ikiwa safi, ndipo ukate pingili na kumpa jirani. Sharti hilo halina gharama, lataka kisu na subira. Halipati kila mti mgonjwa, lakini hupunguza wengi.

Vijana nao wana msaada wao. Iko programu ya simu iitwayo Nuru, inayosema Kiswahili, ambayo hulitazama jani la mhogo kwa kamera na kueleza kama lina batobato au michirizi ya kahawia, hata mahali pasipo na intaneti. Nimeona mvulana wa darasa la saba akimshikia babu yake simu shambani, na babu akilishika jani. Mmoja alikuwa na chombo, mwingine alikuwa na miaka 50 ya kuyajua majani, na kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Nisifiche pia kwamba mavuno mengi peke yake hayaondoi umaskini. Mhogo ukichimbwa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, na mlanguzi alijua hilo. Hungoja jua lipande ndipo ataje bei. Nyumba zilizojifunza kumenya, kukata vipande vyembamba na kuvikausha juu ya chanja safi haziuzi tena kwa hofu. Nayo ni elimu vile vile, ingawa haina jina kubwa.

Walimu wenzangu, kila shule ya kijiji ina kipande cha ardhi. Wengi wetu tumekitumia kuadhibu watoto watoro, hata mtoto akaona jembe kuwa ni fimbo ya pili. Heri tukifanye mahali pa kupima, kuandika, kukata mzizi na kutazama ndani, ili mtoto ajue kwamba katika udongo ule ule aukanyagao kila siku yamo maswali ambayo watu wamekesha wakiyatafutia majibu, na mengine bado yamngoja yeye. Wazee walisema, Mkulima mmoja, walaji wengi. Yafaa wale wanaofikiri pamoja naye wawe wengi pia.